Klipu mbili hazitoshi kumwita mtu mnafiki, na muguka ndio ushahidi

Kwenye grupu za WhatsApp za hapa Mombasa kuna aina ya video imeshika sana siku hizi, na kadri uchaguzi wa 2027 unavyokaribia ndivyo zinavyozidi kumwagika. Unawekewa klipu mbili za kiongozi mmoja, ya kwanza yuko bara anaongea na wakulima, ya pili yuko huku pwani anaongea na sisi, na kwa sababu maneno ya kule na ya huku hayafanani basi chini inaandikwa MNAFIKI kwa herufi kubwa na watu wanafowadi kutoka Likoni mpaka Mtwapa kabla hata hawajaimaliza kuiangalia. Mimi video hizi zinanisumbua. Si kwamba viongozi wetu ni malaika, wengi wao tunawajua, lakini zinatuzoesha kipimo kibovu, zinatuambia mtu mkweli ni yule anayesema sentensi zilezile mbele ya kila mtu. Sivyo. Kubadilisha hoja kulingana na unayeongea naye si unafiki, ni sharti la kusikizwa, na mama anayetaka binti yake aende chuo haongei na binti vile anavyoongea na baba mtu, ingawa anachotaka ni kimoja. Kilicho kibaya ni kubadilisha habari zenyewe, au kuahidi watu wawili vitu visivyoweza kutimia pamoja. Tumevichanganya hivi viwili, na matokeo yake tunawapiga mawe wasio na kosa, waongo wa kweli wanapita katikati yetu salama, na sisi wenyewe tukipata jambo la haki la kutetea tunalitetea vibaya. Muguka ndio mfano unaoniuma zaidi.

Tukumbushane kidogo. Muguka na miraa ni mti uleule, ila miraa ya Meru mtu anatafuna vijiti na maganda yake laini, muguka ni majani, inalimwa sana upande wa Mbeere kaunti ya Embu, na bei yake iko chini ndio maana imewashika vijana wasio na kitu mfukoni. Ndani yake mna kathinoni na kathini, ndizo zinazomfanya mtu akeshe na aongee bila kuchoka. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi, vibanda viko kila mtaa, majani yamefunikwa yasipigwe na jua, pembeni karanga na bigijii, zile chingamu, za kuondoa uchungu, na gari zinazoleta mzigo kutoka bara zinaingia mbio kwa sababu jani likishanyauka halina mnunuzi. Mei 2024 gavana Abdulswamad Nassir akatoa amri ya kupiga marufuku kuingiza, kusafirisha, kuuza na kutumia muguka ndani ya kaunti ya Mombasa, Kilifi ya Gideon Mung'aro na Taita Taveta ya Andrew Mwadime zikafuata. Huku kulikuwa na shangwe, wallahi, mpaka watu ambao hawampendi gavana walimuombea dua. Haikupita wiki Rais William Ruto akakutana na viongozi wa Embu na kutangaza kuwa amri hizo hazina nguvu kisheria, manake muguka inatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023, na mahakama kuu kule Embu nayo ikaisimamisha amri ya Mombasa kwa muda. Shangwe ikageuka hasira, na kwenye hasira ile tukapitisha hukumu moja tu, kwamba wenzetu wa bara hawana utu na walio Nairobi wamenunuliwa.

Hiyo hukumu ilitufanya tusione kilichotokea. Jani lilikuwa moja lakini lilizungumzwa mahali pengi tofauti na kila mahali hoja ilibeba sura ya wanaosikiliza. Hapa Mombasa msemaji aliongea na wazazi, akaongea juu ya kijana aliyeacha shule, mume anayerudi nyumbani mikono mitupu, mtoto halali usiku, na wazazi hawakuhitaji takwimu kwa sababu kila mmoja ana jina la mtu kichwani. Kule Embu gavana Cecily Mbarire aliongea na watu ambao muguka ndiyo karo, ndiyo dawa ya hospitali, ndiyo bati la nyumba, na Mbeere ni sehemu kavu, si kila zao linakubali. Ikulu nako hoja ikawa ya sheria na umoja wa nchi, kwamba kaunti moja haiwezi kuzuia mazao halali ya kaunti nyingine. Mtu akichukua kipande cha Embu akakibandika mbele ya kipande cha Mombasa ataona kama hawa watu hawaishi nchi moja. Lakini hebu jiulize, yule wa Embu alitaka awaambie nini wakulima wake? Asimame aseme kijana wa Kisauni anaharibika kwa hivyo ng'oeni miche yenu kesho asubuhi? Angesema hivyo wasingemsikiza hata dakika, na haki ya kijana wa Kisauni isingesogea hata hatua. Kuna la kumlaumu, nitalifikia, lakini kuongea na mkulima kama mkulima si kosa lake.

Sasa kosa letu sisi. Hoja ya mama wa Majengo ambaye mwanawe halali ni nzito kuliko zote kwangu mimi, lakini kesi ilipofika kortini swali kubwa halikuwa kama mama anaumia, swali lilikuwa nani ana mamlaka. Je, kaunti inaweza kupiga marufuku kitu ambacho sheria ya taifa inakiita zao? Hilo ndilo swali ambalo huku hatukulijibu, tuliendelea kurudia hoja ya mzazi kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba jaji ni mzazi mwingine ambaye hajasikia vizuri. Na jibu tulikuwa nalo mkononi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ile sehemu ya kazi za kaunti, inazipa kaunti huduma za afya na inazipa pia udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hivyo mlango wetu ulikuwa hapo, muguka ni zao au ni dawa ya kulevya, na kwa hilo tungewauliza serikali ya taifa swali moja gumu sana, mbona mkono wenu mmoja unaiweka kwenye orodha ya mazao na mkono mwingine, yaani NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwenye tafiti zake za vileo na dawa za kulevya unaihesabu miraa na muguka humohumo? Hilo swali lingeumiza. Sisemi halikutajwa kabisa, mawakili si wajinga, lakini kwenye mabaraza, kwenye redio, kwenye maandamano, kwenye komenti zote nilizosoma mwaka ule hoja iliyobebwa ilikuwa ya uchungu peke yake, na uchungu unamshawishi yule ambaye tayari uko kwake. Tuliwashawishi watu wa Mombasa kwamba Mombasa inaumia. Walikuwa wanajua.

Haya si mageni kwetu wala hatuhitaji kwenda kuyanunua mbali. Aliyesoma madrasa mpaka akafika kwenye balagha, elimu ya ufasaha wa maneno, anajua wanazuoni walivyoieleza, kina al-Khatib al-Qazwini wa karne ya 14, kwamba ni maneno kuafikiana na hali inavyotaka huku yakiwa fasaha. Hali ndiyo inayotaka, si msemaji. Ibn Rushd kule Andalusi karne ya 12 aliandika kuwa watu hawasadiki kwa njia moja, kuna anayetaka hoja ya hakika, kuna wa mjadala, kuna wa mawaidha, akaiegemea aya ya 125 ya sura An-Nahl inayoamrisha kulingania kwa hekima na mawaidha mazuri na kujadiliana kwa njia iliyo bora. Na kabla yao wote Aristotle alishagawa hotuba kwa kuangalia nani anayesikiliza, hakimu anayeamua lililopita, mkutano unaoamua lijalo, na watu waliokuja kusikia sifa au lawama tu. Ukitaka wa hapahapa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa mwanachuoni ambaye angeweza kuandikia wanachuoni wenzake kwa Kiarabu akabaki anasifiwa barazani, badala yake mwaka 1930 akaanzisha Sahifa na 1932 Al-Islah, akawaandikia watu wa Mombasa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walizozijua, akiwasema juu ya elimu, juu ya kuiga wazungu bila kuchagua, juu ya mambo ya mji wao. Hakuna aliyemwambia mnafiki ati kwa sababu hakuandika vile ambavyo angemwandikia sheikh mwenzake. Baadaye, 1937, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na huko nako alikuwa na maneno ya kazi ile.

Najua kuna pingamizi na nyingine zina nguvu. Watu wazima wengi watakwambia mkweli husema neno moja kila aendako, na mimi sitalipuuza hilo kwa sababu limetokana na kuumizwa. Tumeahidiwa mashamba, tumeahidiwa bandari, tumeahidiwa viwanda, na kila aliyeahidi alikuwa anajua vizuri sana anaongea na nani. Chukua suala la mizigo ya bandari. Mwaka 2019 ilipotoka amri kuwa makontena yasafirishwe kwa SGR, ile reli mpya ya kwenda Nairobi, hapa watu waliandamana kwa sababu madereva, makanika, wenye yadi, mama wa chakula wa pale Changamwe na Miritini wote walikuwa wanakula kwa lori. Upande wa pili serikali ilikuwa na deni la reli la kulipa na reli bila mzigo hailipi. Septemba 2022 Ruto siku ya kuapishwa akatangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Sasa hapo ndipo kipimo changu kinapofanya kazi, manake mtu anaweza kumwambia mfanyakazi wa Mombasa kazi zitarudi, na akamwambia mkopeshaji reli itapata mzigo wa kutosha, na yote mawili yakawa kweli kama kuna hesabu inayoyaunganisha. Bila hiyo hesabu, mmoja wao anadanganywa. Tofauti ya maneno haikwambii ni yupi, itabidi uulize hesabu. Klipu mbili haziulizi hesabu, zinauliza tu kama sauti zinafanana.

Pingamizi ambayo naiona dhaifu kabisa, na bahati mbaya ndiyo inayopendwa na wasomi wetu, ni ile ya kwamba ukweli unajitosheleza, toa data watu wataelewa, hizi habari za msemaji nani na hadhira gani ni mapambo. Kama ingekuwa hivyo basi miraa ingekuwa bado inauzwa London. Uingereza, Januari 2013, baraza la wataalamu linaloishauri serikali juu ya dawa za kulevya liliangalia ushahidi na kusema madhara hayajathibitika kiasi cha kuipiga marufuku. Baadaye mwaka huohuo hata kamati ya bunge lao ikapinga marufuku. Data ilikuwa upande wa miraa, na wabunge kutoka Kenya walisafiri kwenda kuitetea. Pamoja na hayo waziri wa mambo ya ndani Theresa May akaipiga marufuku na Juni 2014 ikaanza kutekelezwa. Kwa nini? Hadhira haikuwa mizani ya maabara. Uholanzi ilishafunga mlango 2013 kwa hivyo waziri aliona Uingereza itageuka kituo cha kupitishia miraa ya Ulaya nzima, na ndani ya jamii ya Wasomali wa hukohuko walitokea watu wakisema hii kitu inavunja nyumba zetu, wengine walikuwa watafunaji wenyewe walioacha, na maneno ya mtu kama huyo huwezi kuyajibu kwa jedwali. Wenzetu wa Kenya wao walibeba hoja ya riziki ya mkulima wa Meru. Hoja ya kweli kabisa! Lakini waliipeleka kwa mtu ambaye hana kura Meru wala ndugu Meru, riziki ile haikuwa mzigo wake. Ukweli ulikuwepo, ukafika mahali pasipokuwa na wa kuupokea.

Ipo na nyumbani. Mswada wa Fedha wa 2024, Juni 18, serikali iliondoa VAT ya mkate na ushuru wa magari na vingine vilivyokuwa vinapigiwa kelele. Kwa mtu wa data hoja ilikuwa imeboreka, mswada ulikuwa mwepesi kuliko wa wiki iliyotangulia. Mbona basi Juni 25 vijana walijaa barabarani Nairobi, na hapa Moi Avenue wakajaa vilevile, mpaka Juni 26 rais akasema hatautia sahihi? Manake kufikia hapo mjadala ulikuwa umeshaacha mkate. Ulikuwa juu ya anayeongea. Kijana anamwona mbunge na saa yake na gari lake anamwambia kaza mkanda nchi ina deni, na lile deni ni kweli lipo, lakini mdomo unaolitaja hauaminiki tena kwake. Wataalamu walirudi na grafu nyingine. Hata wangeleta kumi, tatizo halikuwa kwenye grafu. Na kinyume chake pia kilionekana, vijana haohao waliuchambua mswada kipengele kwa kipengele, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakauweka kwenye video fupi, na mama zao wakaelewa kwa sababu aliyeeleza ni mtoto wao asiyefaidika na chochote. Maelezo mengi yalikuwa yaleyale ambayo magazeti yalishayaandika. Aliyebadilika ni msemaji, na wakati.

Kitu kingine tunachokidharau ni mahali penyewe. Mimbarini siku ya Ijumaa khatibu anaongea na hakuna anayeinua mkono, hata kumwambia mwenzako nyamaza hairuhusiwi, kwa hivyo nguvu ya maneno yale inatokana na kutojibiwa, na ndio maana khatibu mwenye hofu ya Mungu anakuwa mwangalifu na madai asiyokuwa na uhakika nayo. Barazani kule Mji wa Kale jioni na kahawa, ukitoa dai bovu mzee atakukata palepale na utabaki unacheka na wenzako. Hizi ni sehemu mbili tofauti na hoja inayofaa moja inaweza kuharibika kwenye nyingine. Halafu kuna hivi vikao vya kushirikisha umma ambavyo katiba inalazimisha, kifungu cha 196 kwa mabunge ya kaunti. Nilihudhuria kimoja cha bajeti, ukumbini feni moja inazunguka, afisa amesimama na projekta anasoma slaidi za Kiingereza moja baada ya nyingine, mafungu ya mamilioni, na waliokaa mbele ni kina mama wa mbaazi na mahamri waliokuja moja kwa moja kutoka kuuza, beseni ziko chini ya viti. Mmoja akainuka akauliza, mwanangu, mtaro wetu umo kwenye ukurasa wa ngapi? Afisa akarudi nyuma slaidi kama tisa hivi anatafuta, hakuuona, akasema atafuatilia. Yule afisa hakuwa mwongo wala hakuwa na dharau, namba zake zilikuwa sahihi nina hakika, lakini alikuwa amekuja kutimiza sheria na yule mama alikuja kutafuta mtaro, malengo mawili ndani ya chumba kimoja, na hakuna mtu aliyekuwa amefikiria hilo kabla ya kukodi viti. Tena hili si dogo kisheria. Juni 2019 baraza la taifa la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa, mikutano ilifanywa mapema kabla ripoti ya athari haijakuwa tayari. Yaani watu waliitwa wakasikiliza, lakini wakati ambao hapakuwa na cha kupima. Mradi mzima ukasimama kwa sababu ya kuongea na watu sahihi saa isiyo sahihi.

Pingamizi yenye nguvu zaidi nimeiacha hapa kwa sababu inanisumbua mimi mwenyewe. Mtu atasema, hayo yote yalikuwa sawa zamani, Embu ikiwa mbali, leo hakuna hadhira moja, simu zimevunja kuta, ukiongea Siakago saa nne saa tano umesikika Bamburi, kwa hivyo msemaji wa leo lazima aongee kama vile wote wapo. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na nakubali inamfunga msemaji. Hapa ndipo lawama yangu kwa wale wa Embu ilipo, na kwa wa kwetu pia. Kule wapo waliosimama mbele ya wakulima wakasema muguka haina madhara yoyote, haijawahi kumdhuru mtu. Hiyo si hoja ya mkulima, hiyo ni habari ya uongo, na mtu mwenye haya asingeisema kama mama wa Majengo angekuwa amekaa safu ya mbele. Na huku kwetu wapo waliosema watu wa bara wanatuletea muguka makusudi kutumaliza, maneno ambayo yasingetamkwa mkulima wa Mbeere akiwepo, manake yule mkulima hajui hata Kisauni iko wapi, anauza apate karo. Kwa hivyo simu imetupa kipimo kizuri, kama tutakitumia vizuri. Usiulize kama maneno yamebadilika kutoka mahali mpaka mahali, uliza kama yule asiyekuwepo angesikia angesema huyu amenisingizia, au angesema huyu ameongea mambo ya watu wake. La pili mtu anaweza kuishi nalo. Ila mwenye kudai msemaji aongee na nchi nzima kila saa ajue anachoomba, atapata viongozi wenye maneno ya jumla yasiyomgusa yeyote, amani upendo na umoja kutoka Januari mpaka Disemba, na mtaro wa yule mama hautatajwa kabisa.

Kwa hivyo hizi video zikikufikia, na zitakufikia kila siku kutoka sasa mpaka kura ipigwe, angalia klipu ilikatwa kabla ya nini na baada ya nini, aliyekuwa anaambiwa ni nani, na yule aliyezibandika pamoja yeye anataka wewe ufanye nini, kwa sababu na yeye ni msemaji, na hadhira yake ni wewe. Huyo wa kubandika ndiye ambaye hatumuulizi kamwe. Ana lengo, ana wakati aliouchagua, mara nyingi ana mtu anayemlipa, na kwa vile hana sura wala jina tunamchukulia kama kioo tu kinachoonyesha. Hata mshairi mzee Muyaka bin Haji, enzi za utawala wa ukoo wa Mazrui, alipotunga beti za vita na siasa za mji huu, watu walijua ni Muyaka anayesema, wa Mombasa, upande wake uko wazi, wakapima maneno wakiwa na habari hiyo.

Na muguka bado ipo, vibanda havijafungwa, vijana ni walewale na wengine wameongezeka. Tukitaka kuirudia hii vita, na mimi nataka turudi, basi tugawane kazi. Bungeni iende petisheni ya kisheria, yaani ombi rasmi, kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki hiyo, inayouliza jambo moja tu kuhusu Sheria ya Mazao na Jedwali la Nne, bila machozi, iandikwe na mawakili wa kaunti zote sita za pwani kwa pamoja badala ya kila gavana na amri yake. Kwa vijana wa maskani wasipelekewe sheikh wala padre kwanza, apelekwe mtu aliyetafuna miaka na akaacha, akae nao chini palepale kibandani jioni. Na Mbeere lazima kuna mtu wa kwenda, asiwe gavana wetu kwa sababu yeye kule akifungua tu mdomo watakuwa wameshaziba masikio, aende mtu wa kilimo anayewajua, mwenye hesabu ya ekari moja ya muguka inampa mkulima shilingi ngapi kwa mwezi, zao la kuchukua nafasi yake litampa ngapi, litachukua misimu mingapi kabla halijaanza kulipa, na karo ya hiyo misimu ya katikati italipwa na nani, manake atakapofika Kiritiri hilo la mwisho ndilo atakaloulizwa la kwanza.